Boksi la Besi la Mama

Juzi bomba lilipasuka kwenye choo cha jirani wa juu hapa Tassia, maji yakashuka ukutani kwangu kama mto Nzoia umeamua kuhamia mjini. Godoro halikuguswa, watoto hawakuguswa, ila kimeza cha televisheni, kile cha maunga ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi, kilikunywa maji hadi kikavimba tumbo. Nikakiburuta hadi kwenye korido, nikaanza kukipangusa kwa kitambaa chenye sabuni ya kipande, na ndipo harufu ikanijia: mbao iliyolowa, gundi, sabuni. Nikakaa chini papo hapo. Jirani akapita, akaniuliza kama nakililia kimeza. Nikamwambia hapana, nacheka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafanya yote mawili, lakini kimeza hakikuhusika. Nilikuwa nimemkumbuka Mama, ambaye hayupo tena, na boksi lake la besi.

Tulikaa Shauri Moyo, chumba kimoja cha kaunsili, watu watano na pazia moja. Baba alifanya kazi kiwanda cha sabuni, zamu ya mchana, na jioni alikuwa akirudi na vipande vilivyovunjika, kwa hiyo sabuni tulikuwa nayo ya kuoshea Nairobi nzima na Thika ikabaki na povu. Mama aliuza sweta za watoto Gikomba, mitumba. Jumapili, kanisani kwetu, kanisa la mabati lililobeba watu wengi kuliko lilivyojengewa, Mama alipiga gita la besi.

Hapo nataka usimame kidogo. Siku hizo mwanamke kanisani alipiga kayamba, alipiga makofi, na akizidiwa sana na furaha alipiga vigelegele. Gita lenye nyuzi nene kama kamba za kuanikia nguo lilikuwa la wanaume. Mama aliliingia kwa mlango wa nyuma. Mpigaji wetu, Ndugu Shadrack, alikuwa na tabia ya kumwachia gita amshikie wakati yeye ameenda kunywa chai. Siku moja alienda kunywa chai akapata kibarua Nakuru, na hiyo chai ikachukua mwaka mzima. Mama akabaki amelishika. Kwa kuwa haiwezekani kushika kitu mwaka mzima bila kukigusagusa, akajifunza.

Halafu Shadrack akarudi. Na Shadrack alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Barasa, mwenyekiti wa kamati ya kanisa.

Mzee Barasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuketi mbele, kwenye benchi la wazee, amefunga macho, na ukidhani amelala anakuambia ni nani aliyekohoa kwenye sala. Siku hiyo baada ya ibada alimwita Mama mbele ya kamati, na mimi nikiwa nimening'inia kwenye sketi yake.

"Mama Nekesa, Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana, mwenyekiti."

"Tunakushukuru kwa kutushikia besi. Lakini mimi nikikaa pale mbele, vidole naviona vikitembea, sauti sisikii. Besi inataka mkono wenye uzito."

"Mkono uko, mwenyekiti. Boksi ndilo halipo."

Na alisema kweli. Besi yake ilikuwa inapitia kwenye kipaza sauti kidogo cha mhubiri, na ilitoka kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa ya soda. Kulikuwa na mashine mpya, ile wapigaji wanaita kichwa, yenye nguvu yote na vitufe vyote lakini haina spika hata moja ndani yake. Mfadhili mmoja aliyekuwa anahama nchi ndiye aliyetuachia, na boksi lake la spika akaenda nalo. Mashine ya namna hiyo bila boksi ni kama jiko bila sufuria. Moto upo, na bado utalala njaa.

"Sawa," Mzee Barasa akasema. "Kanisa litachanga, wewe utatafuta boksi. Mkutano wa matawi yote unafanyikia kwetu mwisho wa mwezi. Jumapili hiyo nikiisikia besi, gita ni lako. Nisipoisikia, Shadrack atalirudia, na wewe utarudi kwenye sauti ya pili na akina mama wenzako."

Mama akasema ndiyo, mzee. Lakini njiani alinivuta mkono kwa kasi hadi miguu yangu ikawa inagusa ardhi mara moja kwa kila nyumba tatu.

Kesho yake aliiweka mashine mezani, akaigeuza mgongo, akaniita. Mama alisoma hadi darasa la nne tu, na maandishi madogo ya Kiingereza yalimchosha. Mimi nilikuwa darasa la tano, na kwa maoni yangu ya wakati ule sikuwa na mpinzani Afrika Mashariki. Nikasoma. Palikuwa na tundu la kuchomekea boksi, na pembeni yake maneno yaliyosema, kwa ufupi, chini ya nne usichomeke. Baada ya ile nne kulikuwa na alama ya ajabu, kama mtu aliyesimama ametanua miguu.

"Maana yake nini?" Mama akauliza.

Sikujua. Ila mtoto wa darasa la tano hakiri kutojua, hasa kwa mama ambaye amemnunulia viatu. Nikafikiria shule. Shuleni kwetu, mwalimu wa hesabu akitoa maswali kumi, aliyepata chini ya nne alipigwa. Nikamwambia kwa sauti ya mkaguzi wa shule: "Mama, hii ni alama ya kupita. Boksi likipata chini ya nne limeanguka. Likipata nne na kwenda juu, limepita. Kadiri linavyopata nyingi, ndivyo lilivyo na akili."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, kwa heshima. Maelezo yalikuwa mazuri sana. Hadi leo sijawahi kutoa maelezo mazuri kiasi kile kuhusu kitu nisichokijua.

Gikomba, upande wa mafundi wa vitanda, kulikuwa na Fundi Odhiambo. Wenzake walitengeneza vitanda na yeye alitengeneza spika, na katikati ya vumbi lile la msumeno yeye peke yake alinukia risasi ya kuunganishia waya. Mama aliingia na mashine mgongoni ndani ya gunia la sweta, mimi nikiwa na gita.

Alikuwa na maboksi mawili. Moja lilikuwa refu, jipya, jeusi, linang'aa kama gari la waziri, spika nne zimepangwa kutoka juu hadi chini. Ilikuwa lazima nirudi nyuma hatua tatu ili nione mwisho wake. La pili lilikuwa fupi, pana, limechakaa, kitambaa chake cha mbele kina madoa, ndani spika mbili. Lilikuwa limetoka baa moja iliyofungwa, na harufu ya bia ilikuwa imeingia hadi kwenye misumari.

Moyo wangu ulishaenda kwa lile refu. Ungemwona Mama akipiga besi mbele ya kitu kile! Shadrack angehama dini.

"Mama, hiyo mashine yako inasema nini huku nyuma?" Fundi akauliza.

Nikajibu mimi: "Alama ya kupita ni nne!"

Fundi akanitazama, akatabasamu. "Huyu madam mdogo amefunzwa vizuri. Haya, tuwape mtihani."

Akachukua mita yake, kadude ka mshale wenye wasiwasi na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Akaligusa lile refu. Mshale ukasogea kidogo, ukasimama kwenye mbili. Nilitaka kulia. Gari la waziri lilikuwa limeanguka mtihani! Akaligusa lile chafu la baa. Nne.

"Nikiunganisha hili refu na mashine yako," Fundi akamwambia Mama, "litalia kama dunia inaisha, halafu baada ya nyimbo tatu mashine itachemka, itakata moto, na mtaniita kuja kuizika. Ni kama tangi la pale plot kwenu. Kila spika ni mfereji. Ukifungua mifereji minne kwa mpigo, maji yanatoka mengi lakini pampu inakufa. Mashine yako ni pampu ya mifereji miwili."

"Si ufunge miwili?"

"Naweza. Nikikata waya za spika mbili, zilizobaki zitapata nne kama hili."

Mama alikuwa mchuuzi kwanza, mambo mengine baadaye. "Ninunue nne nitumie mbili? Hapana, kaka. Nijaribishie hili la mlevi."

Fundi akachomeka. Mama akavaa gita, akagusa uzi mmoja, ule wa juu kabisa, mnene. Sikuusikia kwa masikio. Niliusikia kwenye meno, halafu tumboni, halafu kwenye nyayo. Misumari ya Fundi ikatembea mezani ikaanguka mmoja mmoja. Mafundi wa vitanda wakasimamisha nyundo. Mwuza fulana wa ng'ambo ya barabara alishika fulana zake kama mtu aliyeona mvua inakuja. Mama akapiga uzi wa pili, wa tatu, halafu akanitazama na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona, uso wa msichana.

"Ni hili," akasema.

Likapakiwa kwenye mkokoteni, likaja Shauri Moyo, likaingia nyumbani, na kufikia saa kumi mtaa mzima ulijua kwamba nyumba ya Mama Nekesa inanuka baa.

Aliyekuja kwanza alikuwa Mama Zipora. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, jirani yetu mlango wa tatu, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mikono mikubwa zaidi. Ukiugua, alikuja kukufulia, na ukipona, nguo zilikuwa zimepauka rangi zote. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"Dada, hii kitu imelewa."

"Itaombewa Jumapili asubuhi kabla ya ibada," Mama akasema.

"Kuombewa ni sawa. Lakini hata mtu akiokoka, si anaoga kwanza?"

Mama alicheka, na Mama Zipora naye alicheka. Kosa lilikuwa kwamba mmoja wao hakuwa anatania.

Siku ya Ijumaa, siku mbili kabla ya mkutano, tulikuwa likizo. Mama alienda sokoni alfajiri. Kwenye saa tatu hivi nikasikia wimbo unakuja. Walikuwa wanne, Mama Zipora mbele, vitambaa kichwani, mabeseni kwapani, na brashi za kusugulia sakafu.

"Nekesa, mwanangu, mama yako yuko?"

"Ameenda Gikomba."

"Vizuri, tutamfanyia mshangao. Tulitoe hilo boksi nje. Maji yako wapi? Na sabuni?"

Nataka uelewe kwa nini sikukataa. Kazi ya Mama niliijua. Alifungua beli, ule mzigo wa mitumba uliobanwa, sweta zinatoka zimekunjamana, zinanuka meli na dawa ya nondo, mtu hawezi kuzitazama mara mbili. Mama alizifua, akazianika, na kesho yake zilikuwa mpya, akina mama wanazigombania. Hivyo ndivyo vitu vya zamani vilivyokuwa vipya nyumbani kwetu. Nikawaza, kumbe ndiyo hatua iliyokuwa imesahaulika! Nilikimbia mferejini mara tatu, ndoo kichwani. Sabuni nilileta vipande sita, na nikauliza kama nilete zaidi.

Walifanya kazi safi, sitawasingizia. Waling'oa kitambaa cha mbele wakakifua hadi kikawa na maua ambayo hatukujua kilikuwa nayo. Walimwaga maji ndani ya boksi kupitia tundu la hewa lililokuwa nyuma yake. Mama Zipora alichukua ile miduara miwili myeusi ya spika akaisugua kwa brashi kama anayetoa masizi kwenye sufuria ya matanga, akianzia wa kushoto, huku anaimba. Maji yalitoka rangi ya chai. Kila yalipotoka walipiga kigelegele, kwamba dhambi hizo zinaenda.

Wakaliegemeza juani, wakaenda kupumzika kivulini. Nikabaki nalo. Mduara wa kushoto ulikuwa umepasuka toka katikati hadi ukingoni. Wa kulia ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa wa kijivu. Nikaubonyeza kwa kidole, kidogo tu, na kidole kikaingia.

Nilikitoa. Nikakitazama. Kilikuwa na kitu kama uji wa gazeti. Nikakipangusa kwenye gauni, nikakaa chini karibu na boksi, nikaegemeza mgongo mahali palepale, na sikuondoka hapo hadi Mama aliporudi. Sijawahi kulinda kitu kwa bidii kiasi hicho, na kilikuwa kimeshakufa.

Mama alikuja saa nane na sweta ambazo hazikuuzwa. Aliona boksi, aliona mabeseni, aliona kitambaa cha maua kwenye kamba.

"Nani amefua spika yangu?"

Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Tumelitakasa, dada," Mama Zipora akasema, anasimama, furaha tele usoni. "Nusa. Sasa linanukia kama mtoto."

Mama akaweka mzigo chini. Akachukua kipande cha ule mduara wa kushoto, kikamtoka mkononi kama ugali mbichi. Akakaa juu ya beseni lililofudikizwa. "Hii ni karatasi, Mama Zipora. Spika ni karatasi."

"Karatasi?" Mama Zipora alitutazama mmoja mmoja, kama anatafuta mtu wa kubisha. "Kitu chenye sauti kubwa hivyo? Mimi nilijua ni chuma. Uwi! Dada, mimi nilijua ni chuma!" Na yule mwanamke mkubwa akaficha uso kwenye kanga yake akalia, mabega yanatikisika. Mama ndiye aliyeinuka kumbembeleza. Mimi nilikaa palepale na gauni langu lililolowa hadi kifuani. Mama akaliona, akaiona ndoo. Alinigonga utosini kwa kidole kimoja, taratibu, mara mbili, na hiyo ndiyo adhabu yote niliyopewa.

Jumamosi asubuhi tulirudi Gikomba. Mwenye mkokoteni alivuta, Mama Zipora akasukuma kwa nyuma, na kwa nguvu alizotia, mwenye mkokoteni ilibidi akimbie asije akakanyagwa.

Fundi Odhiambo aliinama, akanusa. Akanusa tena.

"Nimetengeneza spika zilizoungua," akasema. "Zilizoliwa na panya, zilizomwagiwa supu. Moja ilipigwa kisu kwenye ugomvi. Iliyofuliwa kwa sabuni ya kipande ni ya kwanza."

"Ni mimi, fundi," Mama Zipora akasema. "Nitukane tu."

"Sitakutukana, mama. Nataka tu kujua sabuni gani, maana hili boksi limeng'aa."

Mama aliuliza kuhusu lile refu. Lilikuwa limeuzwa Alhamisi. Fundi akafungua, akachunguza. Spika ya kushoto ilikuwa imekwenda na maji. Ya kulia, kwa kuwa ilisuguliwa mwisho mikono ikiwa imechoka, ilikuwa imekauka, imekunjamana kidogo, ila hai. "Isipokuwa hili tundu," akasema. "Hili si la brashi. Hili limepigwa na kitu chembamba."

Nikanyoosha kidole changu. Kikaingia sawasawa. Fundi alicheka hadi akashika meza, na Mama, nashukuru Mungu, naye akacheka. Lile tundu lilizibwa kwa kipande cha karatasi ngumu na gundi, likakaushwa kwa taa.

Kisha akatoa mita. Spika moja peke yake. Mshale ukapanda hadi nane.

Niliruka. "Mama! Limepata nane! Lilikuwa na nne, sasa lina nane! Limefaulu zaidi!"

"Wee madam," Fundi akasema, "alama zimepanda, sauti imeshuka. Hizi si alama za shule. Ni vile spika inavyouzuia moto wa umeme kupita. Nane inazuia sana. Zikiwa mbili za nane, moto unapata njia mbili, ndiyo tukapata nne. Mfereji mmoja, maji kidogo. Mashine haitaumia, lakini besi itakuwa nusu ya ile mliyosikia hapa."

Nane na nane ni nne! Niliamini amechanganyikiwa kwa vumbi la mbao. Miaka zaidi ya ishirini ilipita, nikaenda kumalizia sekondari kwa masomo ya jioni, nina watoto wawili na usingizi wa watu sita, na usiku mmoja mwalimu wa fizikia akaandika ubaoni vikinzani viwili vya nane vilivyounganishwa sambamba, akauliza jibu. Darasa zima la walinzi, wapishi na mafundi wa viatu likasema kumi na sita. Nikasimama, nikasema nne. Mwalimu akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia niliwahi kufua spika.

Lakini Jumamosi ile haikuwa na kicheko kirefu. Nilimwona Mama akilitazama boksi na kuhesabu kimoyomoyo watu wa matawi yote, mabati yote, ngoma, na Mzee Barasa aliyefunga macho. Nusu ya besi ilikuwa nyuki kwenye chupa tena, labda chupa kubwa kidogo.

"Nirudi sauti ya pili tu," akasema.

"Hapana!" Mama Zipora alisema kwa ukali uliowageuza mafundi wa vitanda. "Huwezi kurudi sauti ya pili kwa sababu ya sabuni. Fundi, fikiria."

Fundi akafikiria. "Mnaliweka wapi kanisani?"

"Katikati, mbele, lionekane."

"Ndiyo mnapokosea. Besi inapenda kona. Lisukume kwenye kona ya mawe, mgongo karibu na ukuta, likalie sakafu ya simiti, si juu ya meza. Kuta mbili na sakafu zitairudisha sauti yote mbele. Hiyo ni kama kuongezewa spika."

Kanisa letu lilikuwa mabati pande zote isipokuwa kona moja ya mawe, mabaki ya stoo ya zamani. Mama alishusha mabega. "Hiyo ndiyo kona ya benchi la wazee. Kamati haitakubali."

"Kupanga viti na mapambo ni kazi ya akina mama," Mama Zipora akasema. "Hiyo kona niachie mimi."

Hakuhamisha benchi hata inchi moja. Jumapili tulipofika, boksi lilikuwa nyuma ya benchi la wazee, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Ungedhani ni kabati la sadaka. Waya wake ulipita chini ya zulia hadi kwa Mama, na mimi nikapewa kazi ya kukaa kando ya mashine nikiangalia mtu asiukanyage.

Matawi yakaja. Watu walijaa hadi madirishani. Mzee Barasa aliketi mahali pake, mgongo wake kwenye maua, akafunga macho. Shadrack alikaa safu ya mbele, shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa kama mtu anayekwenda kufanyiwa operesheni. Ngoma ikaanza, gita la juu likaingia, waimbaji wakavuta pumzi, na Mama akaugusa ule uzi mnene.

Besi ilitoka kwenye kona kama mtu aliyekuwa amelala humo miaka mingi. Haikuwa na kelele. Ilikuwa na uzito. Niliona maua ya plastiki yakianza kutembea juu ya kitambaa. Niliona benchi la wazee likitikisika, wazee watatu wakatazamana, na Mzee Barasa akafungua macho. Akaweka mkono kwenye benchi. Akaweka mkono kwenye kiuno. Kufikia ubeti wa tatu alikuwa ameketi ukingoni kabisa, wima, kama mtu aliyeambiwa basi linakaribia kituo. Upande wa akina mama, Mama Zipora alikuwa anaimba huku anatazama juu, hana habari na mtu.

Wimbo ulipoisha, Mzee Barasa aliniita kwa kidole. Nikaenda nimeinama.

"Mwambie mama yako apunguze besi."

Ilibidi niulize. "Mzee, unaisikia?"

"Naisikia? Naisikia mpaka kwenye figo! Mwambie apunguze."

Nilirudi mbio, nikakanyaga ule waya niliopewa kuulinda. "Mama! Mwenyekiti amesema anaisikia!"

Mama alifumba macho kidogo tu, kama mtu aliyewekewa kitu kizito na kisha kikaondolewa. Shadrack alikuwa karibu, alisikia. Akakunja mikono kifuani, na zile kucha zikapotelea kwapani.

"Amesema hivyo tu?" Mama akaniuliza.

"Amesema pia upunguze."

Akageuka kumtazama Mzee Barasa kule kwenye kona. Akainamisha kichwa kwa adabu zote za nyumbani kwao, akanyoosha mkono hadi kwenye mashine, akashika kitufe cha sauti, akakishika muda wa kutosha kila mzee aone. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, pua yangu karibu na vitufe. Kile kitufe kilikuwa na mstari mweupe, na ule mstari haukusogea.

Mzee Barasa akajiegemeza polepole, akasikiliza kimya kilichokuwepo, akainua kidole gumba.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ni sawa kabisa."

Mama akagonga sakafu kwa kisigino, na wimbo wa pili ukaanza.